Tiba ya Umeme na Ugonjwa wa MS: Mashine Inasaidia Nini Hasa?

Machi 2021, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliruhusu kuuzwa kwa kifaa kidogo kinachowekwa juu ya ulimi na kupitisha umeme hafifu, kwa ajili ya watu wenye maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi, wanaotembea kwa shida. Ruhusa yenyewe iliandikwa kwa tahadhari kubwa: kifaa ni cha watu wenye dalili nyepesi au za wastani, wenye umri wa miaka 22 na kuendelea, kwa cheti cha daktari, na kitumike pamoja na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu. Lakini habari ya namna hii ikishapita midomo miwili mitatu, masharti yote hubaki njiani na kinachofika ni neno moja: umeme unatibu. Huku nyuma, simu zetu zimejaa matangazo ya mikanda, soksi, mikeka na kofia za umeme zinazoahidi kuondoa uchovu, kuamsha neva zilizolala na kurudisha nguvu za miguu. Mgonjwa, au mwanawe anayemhangaikia, hana namna ya kujua ni kifaa kipi kati ya hivyo kimewahi kupimwa, kilipimiwa tatizo gani, na kilishindanishwa na nini.

Mkanganyiko huu hautokani na uzembe wa wanaosoma. Unatokana na swali kuulizwa vibaya tangu mwanzo. Kuuliza kama tiba ya umeme inasaidia MS ni kama kuuliza iwapo mitishamba inatibu: mti upi, ugonjwa upi, kipimo gani? Chini ya jina hilo moja mna vifaa ambavyo havina undugu isipokuwa waya na betri. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ushahidi, ukisomwa kwa utulivu, unagawanyika vizuri zaidi kuliko kelele zinavyoonyesha. Umeme umeonyesha faida pale unapofanya kazi ya neva moja inayojulikana, kwa dakika ileile kazi hiyo inapohitajika. Haujaionyesha pale unapoahidiwa kuujaza mwili nguvu kama simu inavyojazwa chaji. Kutembea kunaangukia zaidi upande wa kwanza, uchovu upande wa pili, na watu wengi wananunua mashine wakidhani pande hizo mbili ni kitu kimoja.

Uchovu usioisha kwa kulala

MS ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kushambulia mayelini, utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo kama plastiki inavyozunguka waya. Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kama ugonjwa unaojitegemea, na jina la ugonjwa linatokana na makovu mengi yanayoachwa na mashambulizi hayo. Makisio ya mwaka 2020 yalihesabu takriban watu milioni 2.8 wanaoishi nao duniani, wengi wakigunduliwa kati ya miaka 20 na 40, wanawake wakiwa mara mbili ya wanaume au zaidi. Ramani za dunia zinaonyesha kwamba ugonjwa huu hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Hata hivyo ugonjwa unaohitaji mashine ya MRI na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ili ujulikane hauwezi kuhesabiwa sawasawa mahali ambapo vyote viwili ni haba. Kwa hiyo mgonjwa wa Mwanza au Mombasa anaweza kuwa amezunguka miaka mingi na majina mengine ya ugonjwa kabla ya kulifikia hili.

Dalili inayolalamikiwa kuliko zote ni uchovu. Haufanani na uchovu wa mtu aliyelima kutwa, ambao usingizi huumaliza. Huu humkuta mtu asubuhi, kabla hajafanya lolote, na humlemea akili pamoja na viungo. Sababu zake ni nyingi na zinapandana. Iko ile ya msingi: waya uliochunika hupitisha ujumbe polepole na kwa taabu, na ubongo hulazimika kushirikisha maeneo mengi zaidi ili kutimiza kazi ndogo, uvimbe wa ndani kwa ndani nao unachangia. Halafu ziko zile zinazokuja nyuma yake: kuamka mara nne usiku kwenda chooni, maumivu, sonona, dawa zinazoleta usingizi, misuli iliyonyong'onyea kwa kukaa muda mrefu. Na liko joto. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona kwamba wagonjwa wake walififia macho baada ya mazoezi. Baadaye ikaeleweka kwamba chanzo ni mwili kupata joto, maana neva isiyo na mayelini inaweza kushindwa kupitisha ujumbe kwa ongezeko la nusu nyuzi tu. Mtu mwenye MS anayeishi Tanga au Muscat anapambana na jambo hili kila siku ya mwaka, na hakuna mkanda wa umeme unaolipunguza.

Naliweka hili mbele kwa sababu linaamua mengi ya yanayofuata. Tatizo lenye vyanzo vingi hivi haliwezi kutarajiwa kuisha kwa kifaa kimoja, na kifaa kinachodai kuliondoa chote kinapaswa kueleza kinagusa chanzo kipi. Pia kuna suala la kupima. Kutembea hupimwa kwa saa na futi kamba. Uchovu hupimwa kwa kumuuliza mgonjwa. Dodoso linalotumika zaidi lina maswali 21 na alama kutoka 0 hadi 84. Si dodoso baya; hakuna anayeujua uchovu kuliko mwenye nao. Lakini jibu la mtu hubeba pia matumaini yake, na mashine inayolia na kuwasha taa hupandisha matumaini haraka kuliko kidonge.

Historia inayojirudia

Binadamu hakuanza jana kuutafuta umeme kama dawa. Scribonius Largus, tabibu wa Roma katika karne ya kwanza, aliagiza wenye maumivu makali ya kichwa na jongo waguswe na samaki aina ya taa anayepiga umeme. Mwaka 1855 Duchenne wa Boulogne alichapisha kitabu kizima kuhusu kusisimua msuli mmojammoja kwa umeme, na kazi yake ndiyo iliyoonyesha kwamba umeme unaweza kuelekezwa mahali maalumu badala ya kuumwagia mwili wote.

Kisa kinachofaa kukumbukwa zaidi ni cha miaka ya 1970. Mwaka 1973 madaktari Cook na Weinstein waliripoti kutoka New York kwamba wagonjwa wa MS waliowekewa vichocheo vya umeme kwenye uti wa mgongo walipata nafuu isiyotarajiwa katika viungo vyao. Madaktari wengine wakavutiwa, wagonjwa wakakubali kupasuliwa. Lakini ripoti zile za awali zilikuwa za watu wachache wasio na kundi la kulinganishwa nalo, na MS ni ugonjwa unaopanda na kushuka wenyewe: anayekuja hospitalini katika wiki yake mbaya kuliko zote ana uwezekano mkubwa wa kuwa nafuu mwezi unaofuata, apewe umeme au apewe maji. Mwaka 1979 Rosen na Barsoum walichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kilitangaza kushindwa kwa njia hiyo. Hakuna aliyesema uongo. Walichokosa ni kipimo cha kutenganisha kazi ya mashine na mwenendo wa ugonjwa, na kosa hilo ndilo linalorudiwa leo kwenye video za dakika moja za mtu aliyevaa soksi za umeme akitembea.

Mguu unaoburuta

Upande wa kutembea ndiko ushahidi ulikokomaa, na inafaa kuueleza taratibu kwa sababu ndani yake mna funzo kuhusu tiba nzima. Mtu anapopiga hatua, misuli ya mbele ya muundi huinua vidole ili visigote chini. Kwa wengi wenye MS amri hiyo haifiki kwa wakati, unyayo unaning'inia, vidole vinakwaruza sakafu, na kizingiti cha mlango kinakuwa hatari. Lakini neva inayotoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye msuli huo kwa kawaida ni nzima, kwani MS hushambulia ubongo na uti, si neva za nje. Kwa hiyo inawezekana kuivuka sehemu iliyoharibika: vibandiko viwili vinawekwa chini kidogo ya goti upande wa nje, ambako neva hiyo hupita karibu na ngozi, na kitambuzi chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, umeme unapita na unyayo unanyanyuka; kisigino kikitua, umeme unakatika. Wladimir Liberson na wenzake waliieleza mbinu hii mwaka 1961 kwa watu waliopooza upande mmoja wa mwili. Januari 2009 taasisi ya NICE ya Uingereza ilisema ushahidi wa usalama na wa kuboresha mwendo unatosha kuiruhusu itumike kwa unyayo unaoning'inia kutokana na madhara ya ubongo au uti wa mgongo, MS ikiwemo.

Faida yake ni ya kiasi gani? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyokusanya watu 490 wenye MS, yalikuta kwamba kifaa kikiwashwa mwendo uliongezeka kwa wastani wa mita 0.05 kwa sekunde mwanzoni, na mita 0.08 baada ya kukizoea. Tuzigeuze namba hizo ziwe maisha. Mtu anayetembea mita 0.8 kwa sekunde humaliza mita 10 kwa sekunde 12 na nusu. Akiwasha kifaa atamaliza kwa sekunde 11 na nusu hivi. Sekunde moja. Mapitio hayohayo hayakuona ongezeko la mwendo katika safari ndefu za kupima, wala hayakuona kwamba mguu wenyewe unapata nguvu kifaa kikizimwa. Anayetegemea kwamba baada ya miezi sita ataivua mashine na kutembea vizuri kuliko alivyoanza anategemea kitu ambacho vipimo havikukiona.

Hapa muuzaji atavunjika moyo na mwenye shaka atafurahi, lakini wote wawili watakuwa wameharakisha. Mwaka 2009 Barrett na wenzake, wa kituo cha Salisbury nchini Uingereza, waliwagawa kwa kura watu wenye MS ya kuzidi taratibu: wengine walipewa kifaa cha mguu, wengine mazoezi ya nyumbani, kwa wiki 18. Waliokamilisha walikuwa 44. Kundi la mazoezi liliongeza mwendo wake wenyewe kuliko kundi la kifaa lilipopimwa kifaa kikiwa kimezimwa. Ukisomea hapo, mazoezi yameshinda na umeme umeshindwa. Lakini mwaka uliofuata watu wa kituo hichohicho, Esnouf na wenzake, walichapisha sehemu nyingine ya jaribio hilo: kuanguka. Katika wiki zile 18 mtu wa katikati katika kundi la mazoezi alikuwa ameanguka mara 18, na katika kundi la kifaa mara 5. Yaani mmoja anaanguka kila wiki, mwingine mara moja kwa karibu mwezi.

Matokeo hayo mawili hayapingani. Mazoezi hujenga uwezo. Kifaa hushika mguu wakati uwezo haupo. Saa ya mkononi ilipima kasi, na kasi haikubadilika sana, kumbe jambo lililobadilika ni vidole kutokugota. Kwa mama anayevuka uwanja akiwa amebeba sufuria, tofauti kati ya kuanguka mara 18 na mara 5 ina uzito kuliko sekunde moja katika mita kumi. Kwa haki, lazima niongeze kwamba wagonjwa wenyewe ndio waliorekodi maanguko, wakijua wamevaa nini, na kundi lilikuwa dogo. Hata hivyo kuanguka ni tukio. Mtu anaweza kukosea kidogo katika kuhesabu, lakini matumaini matupu hayageuzi 18 kuwa 5 kwa urahisi.

Lipo jaribio jingine linalotuhusu Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Mwaka 2019 Renfrew na wenzake wa Scotland walichapisha matokeo ya watu 85 wenye MS waliogawiwa kwa kura: wengine kifaa cha umeme, wengine kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kushikilia kifundo cha mguu. Baada ya miezi 12 mwendo wa makundi mawili haukutofautiana kwa maana. Wengi walijitoa njiani, hivyo namba hizo zishikwe kwa mikono miwili. Lakini fikiri maana yake kwetu. Kichocheo cha mguu ni adimu katika hospitali za ukanda huu, na vibandiko vyake huisha na kuhitaji kununuliwa tena. Mafundi wa vifaa vya plastiki wapo: chuo cha TATCOT, kilichopo KCMC mjini Moshi, kwa miongo kadhaa kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tegemezi kutoka nchi nyingi za Afrika. Familia inayokusanya michango kuagiza mashine kutoka nje huenda inapita mlango wa karakana inayoweza kuupa mguu uleule mwendo uleule.

Kuhusu kifaa cha ulimi kilichotajwa mwanzoni, mantiki yake ni tofauti: ulimi una neva nyingi zinazoingia kwenye shina la ubongo, na wabunifu wake wanadhani kuzisisimua wakati wa mazoezi huufanya ubongo ujifunze haraka zaidi. Majaribio yake ya awali kwa wenye MS yalikuwa mawili, moja la watu 20 na jingine la watu 14. Yanatosha kuamsha udadisi. Hayatoshi kumshauri mtu auze shamba.

Umeme wa kichwani na alama kumi za matumaini

Tukigeukia uchovu, vifaa vinavyotajwa zaidi ni vile vinavyopitisha umeme hafifu kichwani, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2 kwa dakika 15 au 20, kwa siku tano au zaidi. Nadharia yake ni kwamba mkondo huo hauamshi neva moja kwa moja bali huzifanya ziwe tayari zaidi kuamka, na hivyo kazi ya ubongo kuwa nyepesi. Ni nadharia yenye akili. Matokeo yake yanayumba. Mwaka 2014 Ferrucci na wenzake wa Italia, wakiwa na wagonjwa 23, waliona uchovu ukipungua walipolenga sehemu ya ubongo inayoongoza viungo. Mwaka huohuo Saiote na wenzake, wakiwa na wagonjwa 13 na wakilenga upande wa mbele kushoto, hawakuona tofauti kwa kundi zima. Mwaka 2018 Leigh Charvet na wenzake wa New York walionyesha kwamba wagonjwa wanaweza kufanya vipindi 20 nyumbani wakisimamiwa kwa video, na waliopata umeme halisi walipunguza uchovu kuliko waliopata mashine bandia. Kila kundi la watafiti linalenga mahali tofauti, kwa siku tofauti, kwa watu wachache. Kuna pia pingamizi la kifizikia: utafiti wa mwaka 2018 uliopima mkondo ndani ya vichwa vya maiti ulikuta kwamba takriban asilimia 75 yake hupotelea kwenye ngozi na mfupa kabla ya kufika ubongoni. Mikeka ya sumaku hali yake ni ileile: jaribio moja dogo la mwaka 2009 liliona nafuu, jingine la mwaka 2012 halikuiona.

Ili kupima uzito wa tafiti hizi ndogo, tuangalie jaribio ambalo halikuhusu umeme kabisa. Mwaka 2021 Nourbakhsh na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet Neurology matokeo ya dawa tatu ambazo madaktari wamekuwa wakiwapa wenye uchovu wa MS kwa miaka mingi: amantadini, modafinili na methilifenideti. Wagonjwa 141 walipewa kila mojawapo kwa zamu, na kidonge bandia pia kikiwa na zamu yake. Alama za uchovu zilianzia 51.3. Kwa dawa hizo zikashuka hadi 41.3, 39.0 na 38.6. Kwa kidonge bandia zikashuka hadi 40.6.

Alama kumi zilishuka kwa kidonge kisicho na kitu. Wagonjwa wale hawakuwa wakijidanganya. Walifuatiliwa, waliulizwa hali zao, walianza katika kipindi kigumu na baadhi wangepata nafuu kwa vyovyote, na walikuwa na tumaini. Yote hayo yanapunguza uchovu kweli. Lakini maana yake kwa mashine za umeme ni nzito: utafiti wowote usio na mashine bandia, ukiripoti kwamba uchovu umeshuka alama saba au kumi, haujatuambia lolote kuhusu umeme. Na mashine bandia yenyewe si rahisi kutengeneza, maana umeme huwasha ngozi na mgonjwa mwerevu hutambua amepewa ipi. Hata jaribio lililoandaliwa vizuri huvuja upande huo.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wapo watakaosema: ikiwa mgonjwa anajisikia nafuu, sababu yake ina tofauti gani? Hoja hii ina utu ndani yake na siidharau. Nafuu ni nafuu. Tatizo ni bei na muda. Nafuu iliyotokana na kufuatiliwa na kutiwa moyo inaweza kupatikana kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayempigia mgonjwa simu kila wiki, bila kununua mashine. Na nafuu ya namna hiyo ikififia, aliyekwisha kulipa huambiwa aongeze vipindi, au anunue toleo kubwa zaidi.

Wengine watasema umeme huu ni hafifu, hauna madhara, basi kujaribu kuna ubaya gani? Kwa wengi ni kweli kwamba madhara ni wekundu wa ngozi na kuwashwa. Lakini MS huondoa hisia za ngozi, na asiyehisi anaweza kuungua chini ya kibandiko asijue. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito hawafai kuanza bila daktari. Madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yale yasiyoandikwa kwenye karatasi ya mashine: miezi iliyopita bila kuchunguzwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi au sonona, vitu ambavyo vinaongeza uchovu na vina tiba.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo linanihusu mimi kama mchambuzi: je, situmii mizani mbili? Mazoezi nayo hayana mazoezi bandia. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yenye tafiti 45 na watu 2,250, yalikuta mazoezi yanapunguza uchovu wa MS kwa kiasi cha wastani bila kuongeza mashambulizi ya ugonjwa, lakini kila aliyefanya mazoezi alijua anafanya, na kila asiyefanya alijua pia. Nakubali: sehemu ya faida hiyo huenda ni matumaini yaleyale. Bado naweka mazoezi mbele kwa sababu mbili. Idadi ya watu waliopimwa ni kubwa kuliko yale majaribio ya watu 13 na 23, na hata matumaini yakitolewa, kinachobaki ni moyo, mifupa na misuli iliyo imara zaidi. Mashine ya kichwani, matumaini yakitolewa, inaweza kubaki betri tu. Kwa nchi za joto kuna nyongeza: mazoezi yafanyike alfajiri au ndani ya maji, kwa kuwa kuupoza mwili kwenyewe kumewahi kupimwa kwa kura, kwa watu 84 mwaka 2003, na kukasaidia.

Nani ajaribu nini

Mwenye unyayo unaoning'inia na kuanguka mara kwa mara ana sababu nzuri ya kutaka kifaa cha mguu, akijua kwamba anachukua mkongojo wa umeme ambao hutenda kazi ukiwa umewashwa. Kabla ya kulipa, apimwe siku moja: mita 10 bila kifaa, mita 10 na kifaa, kisha mwendo wa dakika kadhaa, na baada ya hapo ahesabu maanguko yake kwa wiki nne. Ajaribu pia kile cha plastiki katika siku hiyohiyo. Misuli ikiwa imekakamaa kiasi kwamba kifundo hakikunjiki, kifaa cha umeme hakitaushinda mkakamao huo, na kuuliza kuhusu kulegeza misuli kunapaswa kutangulia. Mwenye maumivu anaweza kujaribu mashine ya TENS, inayopitisha umeme hafifu kwenye ngozi kwa vibandiko, iliyopo kwenye idara nyingi za fiziotherapia. Ilibuniwa kwa ajili ya maumivu na haina sababu ya kutegemewa katika uchovu.

Kwa uchovu, mpangilio wangu ni mwingine kabisa. Kwanza vipimo vya damu na tezi, mazungumzo ya wazi kuhusu usingizi, kibofu na huzuni, na orodha ya dawa zote anazomeza. Pili mazoezi yanayopanda taratibu, kupumzika kunakopangwa kabla ya kuchoka, na kukwepa jua la saa sita. Umeme wa kichwani uje baada ya hayo, na uje ndani ya utafiti wenye mashine bandia na daftari la matokeo, kwa sababu kinachokosekana ni jaribio la mamia ya watu, wanaolengwa mahali pamoja pa ubongo, wakifuatwa kwa miezi badala ya siku tano. Mpaka jaribio hilo lifanyike, fedha ya familia ianze na nauli ya kumfikia mtaalamu wa fiziotherapia, halafu feni ya chumbani, halafu kiatu kinachoushika mguu.